Gharama Zisizoandikwa: Habari za Kujenga na Kutengeneza katika Nchi ya Ugogo

Wazee wa Ugogo husimulia kwamba hapo kale tembo alishuka kunywa maji katika kijito kilicho karibu na mahali uliposimama mji wa Dodoma leo, akanasa katika matope, na kila alipojitahidi kujinasua akazidi kuzama. Watu waliokuja kumtazama wakapaita mahali pale Idodomya, yaani mahali alipodidimia. Wageni wakalitamka jina hilo kwa ndimi zao, likawa Dodoma. Hadithi hii ina namna nyingi, wala hatuna haja ya kuzipatanisha. Twaitaja kwa sababu moja tu: tembo yule aliitazama ardhi kwa juu, akaiona kavu, akaweka mguu.

Mazungumzo yetu ya leo, ninyi mnaosikiliza na ninyi mtakaoyasoma katika kijitabu, yahusu watu walioweka mguu vivyo hivyo, si kwa kiu ya maji bali kwa nia ya kujenga. Kila anunuaye kiwanja, au nyumba kuukuu ili aitengeneze na kuipangisha, ana hesabu mbili. Ya kwanza huandikwa: bei ya kununua, mawe, saruji, mbao, mabati, ujira wa mafundi. Ya pili haiandikwi, kwa kuwa mwenye kuandika haijui bado. Nayo ni gharama ya mambo yatakayotokea kazi ikiisha kuanza. Katika uwanda wa kati hesabu hii ya pili imepata kuwashinda wafanya biashara, makampuni makubwa, na hata serikali.

Waliotangulia kuionja ni watu wa misafara. Katika karne ya 19 njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, na kila mtemi ambaye msafara ulikatiza nchi yake alidai hongo. Siku hizi neno hilo limeharibika, limekuwa jina la rushwa. Lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi, uliolipwa kwa doti za nguo, kwa shanga na kwa nyaya, baada ya maneno mengi na siku kadhaa za kungoja. Wazungu waliopita huko, kama Burton na Speke mwaka wa 1857 na Stanley mwaka wa 1871, walichukizwa sana na hongo za Ugogo, wakaziona kuwa unyang'anyi. Sisi twaona walisahau jambo moja. Nchi ile ni kavu. Visima vilichimbwa na kutunzwa na wenyeji, na msafara wa mamia ya watu uliweza kukausha kisima kwa siku moja. Hongo, pamoja na mambo yake mengine, ilikuwa bei ya maji. Mfanya biashara mzoefu aliijua kabla hajafunga mizigo, akatenga nguo za Ugogo peke yake. Mgeni alihesabu chakula na ujira wa wapagazi, kisha alipofika mbele ya mtemi wa kwanza akaanza kufungua robota alizozikusudia kwa safari ya mbele.

Wenyeji wenyewe, je, walijengaje? Msafiri aliyetoka pwani, aliyezoea mapaa ya makuti, alistaajabu kuingia katika nchi ambayo nyumba zake hazina paa la kuinuka. Hizo ndizo tembe. Kuta za tembe ni miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo. Juu yake hulazwa boriti na fito, kisha hufunikwa kwa tabaka nene la udongo. Vyumba huzunguka ua, na usiku ng'ombe hulala ndani ya ua huo salama. Paa tambarare la udongo lingekuwa upumbavu katika nchi ya mvua nyingi, lakini Dodoma hupata mvua kiasi cha inchi 22 tu kwa mwaka, tena karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine paa ni mahali pema pa kuanikia nafaka, na udongo wake huzuia jua la mchana na baridi ya usiku ya Juni na Julai.

Walakini tembe haikujengwa ili idumu bila kuguswa, wala mwenye tembe hakudanganyika kwamba itadumu. Mchwa hula nguzo. Mvua kubwa hulowesha paa likawa zito, na boriti iliyoliwa ndani huvunjika bila kutoa habari. Kwa hiyo kabla ya masika ilikuwako kazi iliyojulikana na kila mtu: kupanda juu, kuziba nyufa, kuongeza udongo pale uliposombwa, kubadili nguzo iliyolegea, kukandika ukuta upya. Kazi ikiwa kubwa, jirani waliitwa wakapikiwa pombe ya mtama. Tazameni hesabu hiyo ilivyokuwa. Kujenga kulikuwa kwepesi, kutengeneza kulikuwa kwa kila mwaka, na gharama yake haikuwa siri: siku kadhaa za kazi, na mtama wa kutosha mitungi kadhaa. Hatusemi kwamba hesabu hiyo haikupata kuvunjika. Ilivunjika vibaya katika njaa ya Mtunya, iliyoanza mwaka wa 1917 baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Watu wengi walikufa, wengine wakahama. Na tembe isiyo na mtu wa kupanda juu yake haina masika mengi mbele yake.

Reli ya kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ilifika Dodoma mwaka wa 1910, ikaleta nyumba za namna nyingine, za mawe na matofali, za chokaa na bati. Nyumba hizo hazikuhitaji kupandwa kila mwaka, na jambo hilo liliwapendeza watu, nasi hatuwalaumu. Lakini bati na misumari vilitoka ng'ambo, na kila kilichopakiwa bandarini kililipiwa nauli zaidi ya kilomita 400 mpaka kifike. Tembe ikiharibika, dawa yake iko porini. Nyumba ya bati ikiharibika, dawa yake iko dukani. Tangu hapo mwenye nyumba wa Dodoma alihitaji fedha taslimu za matengenezo, na katika nchi ya wafugaji fedha taslimu maana yake ni kuuza ng'ombe.

Sasa tufike Kongwa, mashariki ya Dodoma, mwendo wa maili 50 hivi. Hapa tutakaa kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka wa 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alitoa shauri la kulima karanga kwa mitambo katika Tanganyika. Wakatumwa watu watatu kuichunguza nchi, mkubwa wao akiwa John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Waliizunguka nchi kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika makisio: eka 3,210,000 zifyekwe, nyingi zake katika Tanganyika na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, zigawanywe mashamba 107, kila moja eka 30,000, na gharama zote ziwe kiasi cha pauni milioni 24. Serikali ya Uingereza ikakubali. Kazi ikaanza Kongwa mwaka wa 1947.

Makisio hayo hayakuandikwa na wajinga. Twasema hivi kwa sababu watu hupenda kuucheka mpango wa karanga, na kicheko humzuia mtu asijifunze kitu. Kujumlisha kwao kulikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika mambo yasiyopata safu yake katika hesabu, au yaliyopewa safu yenye tarakimu ndogo mno. Mathalani, makisio yalichukulia kwamba matrekta yatapatikana. Lakini dunia ilikuwa imetoka vitani juzi tu, na matrekta mapya hayakupatikana. Yakanunuliwa yaliyokwisha kutumika, mengine yaliyoachwa na majeshi huko Filipino, nayo yakatumia muda mwingi karakanani kuliko shambani. Kila aliyepata kununua kitu kikuukuu kwa bei ya kufurahisha aijua habari hii. Hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mitambo ya kung'oa miti.

Tena miti yenyewe. Kichaka cha Kongwa kikionekana kutoka angani ni kama zulia. Ukishuka chini wakuta mizizi iliyofumana, na katikati yake mibuyu, mingine yenye mizinga ya nyuki ndani, mingine iliyoheshimiwa na wenyeji kwa ajili ya mambo ya wazee wao. Kuangusha kichaka kulikuwa kazi. Kuitoa mizizi ardhini kulikuwa kazi nyingine, nayo ndiyo iliyokula fedha. Udongo ukafuata. Una mchanga mkali unaolisaga jembe la chuma kama tupa, na mfinyanzi ambao mvua ikiisha hukauka ukawa mgumu kama saruji. Ninyi wakulima mwajua kwamba karanga huzaa chini ya ardhi. Basi mavuno yalikuwa mle ndani, na ardhi imefunga.

Wachunguzi walifika mwezi wa Juni, wakaimaliza taarifa yao Septemba. Katika uwanda wa kati miezi hiyo haina mvua. Waliiona ardhi katika hali yake moja, wakakisia bei ya hali zote mbili. Na liko jambo jingine, ambalo kwetu sisi ndilo zito kuliko yote. Eneo lile lilionekana tupu, tena karibu na reli. Katika nchi ambayo njaa hurudi kila miaka michache, ardhi iliyoachwa bila kulimwa na watu wanaoijua ingepasa kumfanya mgeni aulize kwa nini. Wagogo walilima mtama na uwele na kutegemea ng'ombe, kwa sababu mvua za huko haziaminiki. Jibu lilikuwapo kwa mtu yeyote mwenye kutaka kuuliza, wala halikuwa na bei.

Zikaja gharama za watu. Maelfu ya vibarua walihitaji maji, chakula na mahali pa kulala, na vyote hivyo vilipungua Kongwa, bei zikapanda. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na njia ya reli hata ukafika Kongwa. Mwaka ule wa kwanza ilikusudiwa kufyeka eka 150,000. Zilizopandwa karanga hazikufika 10,000. Mwaka wa 1948 mpango ukakabidhiwa Overseas Food Corporation, fedha zikaendelea kumwagwa, na mwezi wa Januari mwaka wa 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha. Hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36, yaani mara moja na nusu ya makisio ya kazi nzima, ilhali kazi yenyewe haikukaribia kumalizika.

Mji wa Kongwa ulibaki na nyumba zake, karakana, na shule ya watoto wa Kizungu iliyofungwa mwaka wa 1958. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa ikawa malisho ya ng'ombe, na mpaka leo pana ranchi ya taifa. Mwaka wa 1964, baada ya Tanganyika kupata uhuru, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa mahali pa kuweka kambi huko: watu wa FRELIMO, wa ANC ya Afrika ya Kusini, wa SWAPO na wengineo. Walikuta majengo machache yaliyochakaa, wakatumia yaliyofaa, wakajenga mengine kwa mikono yao. Hawakuwa na mtu wa kumpelekea hati ya madai, basi wakaanza na kile kilichosimama.

Twaja katika karibu na wakati wetu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamishwe kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na kazi ikakisiwa kuchukua miaka 10. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wengi waliijua kwa herufi zake tatu za Kiingereza, CDA. Na mwaka wa 1976 kampuni moja ya Toronto, katika Kanada, ikatoa ramani kuu ya mji. Nia ilikuwa njema, na mahali pana maana, kwani ni katikati ya nchi. Tena Mwalimu Nyerere hakuwa mgeni Ugogo: mwaka wa 1971, katika Operesheni Dodoma, alikaa Chamwino akifyatua matofali pamoja na wanakijiji.

Lakini mwezi ule ule wa Oktoba mwaka wa 1973 ilizuka vita katika Mashariki ya Kati, na bei ya mafuta ikapanda kwa namna isiyopata kuonekana. Ukame ukaja, serikali ikalazimika kununua nafaka ng'ambo. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikapaswa kujifanyia yenyewe kazi za reli, ndege na posta. Mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka wa Kagera. Vita ikala fedha mpaka mwaka wa 1979, na mwaka huo huo bei ya mafuta ikapanda mara ya pili. Hakuna mkisiaji ambaye angeweza kuyaandika hayo yote katika safu. Ila twaweza kuuliza kama palikuwa na safu yoyote ya mambo ya namna hiyo, na kama ilikuwa na kitu ndani yake. Miaka 10 ikapita, na wizara nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam.

Mpango huu haukuvunjwa kama ule wa Kongwa. Fedha zilipopungua kazi ilipunguzwa, zilipopatikana ikaendelea. Bunge likahamia Dodoma mwaka wa 1996, likapata jengo jipya mwaka wa 2006. Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka wa 2007. Mwaka wa 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali yote yahamia, na mwaka uliofuata akaivunja CDA, kazi zake zikapewa halmashauri ya mji. Dodoma ikawa jiji mwaka wa 2018. Mwezi wa Mei mwaka wa 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaifungua Ikulu mpya ya Chamwino. Kutoka uamuzi wa 1973 mpaka siku ile ni karibu miaka 50. Mtu aweza kusema ni uzembe. Sisi twaona afadhali nyumba inayojengwa chumba kwa chumba kuliko ile iliyosimamishwa kuta zote kwa fedha ambazo hazijapatikana.

Watumishi wa serikali walipoanza kufika kwa wingi baada ya mwaka wa 2016, kodi za nyumba zilipanda, na watu wengi wakaanza kutafuta nyumba kuukuu za kununua na kutengeneza. Nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulipata nyumba ya vyumba vinne katika mtaa wa zamani, bei yake nafuu, tukamleta fundi mwezi wa Agosti. Aliigonga kuta, akapanda darini, akaandika makisio ya mambo matano. Tukaongeza sehemu moja ya kumi juu yake kwa ajili ya mambo yasiyotazamiwa, tukajiona watu wenye busara.

Mabati yalipofunuliwa, papi zake zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa ndani, nje zimebaki kama ngozi. Paa lote likabadilishwa. Upande mmoja wa nyumba umekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao hukauka ukapasuka na kulowa ukavimba. Ufa tuliokusudia kuuziba kwa lipu ulikuwa unashuka mpaka msingini. Maji ya bomba yalikuja siku chache kwa wiki, na hapana mpangaji atakayelipa kodi ile bila tangi. Ile sehemu ya kumi iliisha kwenye papi. Tukasimamisha kazi ya vyumba viwili vya nyuma, tukamaliza vya mbele, tukavipangisha, na kwa kodi hiyo tukaendelea polepole na msingi. Ilichukua mwaka na nusu badala ya miezi minne.

Kabla ya kugusa vyumba vya nyuma tulingoja Januari. Tukamwita fundi yule yule siku ya mvua kubwa, akaketi kibarazani na kalamu yake mpaka mvua ilipokatika, kisha akaizunguka nyumba nje na ndani, akiandika kila mahali maji yalipoingia, yalipotuama, na yalipopita chini ya ukuta. Orodha ya Agosti ilikuwa na mambo matano. Hii ilikuwa na kumi na moja, na tukaanza na lile la chini kabisa.